Dhamana Ilipoisha

Mstari ule ulijitokeza asubuhi moja ya Julai, msimu ambao baridi ya Ongata Rongai humfanya mtu aandike akiwa amejitanda shuka mabegani. Ulikuwa mwembamba kama uzi, wa kijani, umesimama wima kutoka ukingo wa juu wa kioo hadi chini, na ulipita katikati ya sentensi niliyokuwa nikiisahihisha. Nilidhani ni unywele. Niliupangusa kwa kidole, kisha kwa ncha ya shuka. Haukutoka. Nilipokiinamisha kifuniko kidogo, ukapotea. Nilipokirudisha, ukarudi na mwenzake wa waridi.

Kwa siku tisa niliishi na mistari ile kama mtu anayeishi na mpangaji mkorofi chumba cha pili. Niligundua kwamba kifuniko kikiegemea pakiti ya unga ya kilo mbili, kwa pembe fulani ambayo mkono wangu unaikumbuka hadi leo, kioo hutulia. Basi nikawa nafanya kazi shingo imepinda na unga uko mezani, na kila aliyeingia nyumbani akauliza kama jiko limehamia sebuleni. Siku ya kumi pakiti haikufua dafu. Nusu ya kulia ya kioo ilizimika, na kila sentensi ikawa inaishia njiani.

Hapo ndipo nilipoitafuta risiti. Ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na kadi ya chanjo ya mtoto na karatasi ya dipoziti ya nyumba. Wino wake ulikuwa umefifia hata jina la duka likawa kivuli, lakini tarehe ilisomeka nilipoiinua kwenye mwanga wa dirisha. Waranti: miezi 12. Nikahesabu kwa vidole, kisha nikahesabu tena kwa kalenda ya ukutani nikitumaini vidole vimekosea. Ulikuwa umepita mwaka mmoja na siku 19.

Nilipiga simu dukani, huko mjini Nairobi. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu. "Pole sana, madam. Waranti ilishaisha." Akanitajia bei ya skrini mpya: shilingi 14,500, na kazi ya kuifunga ni juu yangu. Sikuweza kumkasirikia. Alisoma tarehe, na tarehe ilikuwa upande wake.

Kiswahili cha shule kimeipa mashine hii jina la kipakatalishi. Watu wa stejini husema laptopu, na hata mimi nikiwa na haraka husema hivyo. Lakini ndani ya neno lile la shule mna kitenzi pakata, kumweka mtoto mapajani. Nilikuwa nimekipakata changu mwaka mzima, nikakilisha umeme, nikakifuta vumbi la Barabara ya Magadi lipenyalo hata dirisha lililofungwa, na sikuwa na habari ya kitu hata kimoja kilichomo ndani yake. Mtoto akilia usiku, mama hubahatisha: tumbo, meno, homa. Mimi mbele ya kioo kilichozimika nusu sikuwa hata na cha kubahatisha.

Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya shule, na mwaka ule ule nilikuwa nimehariri sura inayohusu haki za mnunuzi. Nilijua kwamba Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Nilijua Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, inayomhesabu muuzaji kuwa ameudhamini ubora wa bidhaa yake hata kama hakutamka neno. Kwa maandishi, basi, haki yangu haikulazimika kufa siku ile ile waranti ya duka ilipokufa. Nilijua pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kusikiliza kesi mwaka 2021: madai yasiyozidi shilingi milioni 1, hukumu ndani ya siku 60, na mtu anaruhusiwa kujisemea mwenyewe bila wakili. Yote hayo nilikuwa nimeyawekea nukta na mkato. Sasa nilipiga hesabu nyingine: nauli za kwenda na kurudi, foleni, siku za kazi zitakazopotea, kuthibitisha kwamba kasoro ilitoka kiwandani na si mikononi mwangu. Yote hayo kwa shilingi 14,500. Nikaifunga sura kama nilivyoifungua, na nadhani wasomaji wangu nao hufanya hivyo hivyo.

Ibara tatu mbele ya ile ya 46, Katiba hiyo hiyo inalitumia wazo la dhamana kwa maana nyingine. Ibara ya 49 inampa aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana, kwa masharti ya wastani. Kwetu neno ni hilo hilo moja. Dhamana ya mahabusu, dhamana ya mkopo, dhamana ya redio mpya. Na katika maana ile ya mahakamani, mara nyingi dhamana huwa na mdhamini: mtu mwenye jina na makazi, anayesimama mbele ya hakimu akasema, huyu akipotea, nishikeni mimi. Karatasi hufuata baadaye, kuandika tu kwamba mtu fulani alisimama. Dukani mambo yamegeuzwa. Tunapewa karatasi, na hatuulizi ni nani aliyesimama.

Wahandisi wana mchoro wanaouita kwa umbo lake: beseni. Ukingo wa kushoto uko juu, kwa sababu bidhaa zilizotoka kiwandani na kasoro hufa mapema. Kisha mstari hushuka na kutandaa. Hiyo ni miaka ya amani. Mwisho hupanda tena, uchakavu unapoanza. Waranti ya mwaka mmoja imekatwa kuufuata ukingo wa kushoto. Mtengenezaji anasema: nitalipia makosa yangu yanayojionyesha upesi. Lakini yako makosa yenye subira. Kebo nyembamba inayopeleka picha kwenye kioo hupita kwenye bawaba, na kila kifuniko kinapofunguliwa hupinda kidogo. Mimi hukifungua changu mara kumi kwa siku. Kwa mwaka ni mara 3,650. Kama kebo iliwekwa imebana, ilianza kufa siku ya kwanza, na siku ya 365 ilikuwa bado haijasema.

Jambo hilo lina mfano unaojulikana duniani. Baadhi ya kompyuta za MacBook Pro zilizotoka mwaka 2016 zilianza, baada ya muda, kuonyesha vipande vya mwanga chini ya kioo, mfano wa taa za jukwaani. Mapema mwaka 2019 mafundi wa iFixit walieleza chanzo: kebo nyembamba iliyokuwa ikichakaa kwa kufunguliwa na kufungwa. Waliolalamika walikuwa wengi, na walisikika. Mei 2019 Apple ikatangaza kwamba zile za inchi 13 zitatengenezwa bure, hata kama waranti yake ya kawaida imekwisha. Kumbe tarehe husogezwa. Husogezwa pale mdhamini anapofikiwa na sauti asizoweza kuzizima. Mimi nilikuwa sauti moja, Ongata Rongai, na risiti yangu ilikuwa imefifia.

Jumamosi nilikifunga kipakatalishi ndani ya taulo, nikakitia kwenye begi, nikaenda stejini. Kituo chetu ni Laiser Hill, jina linalojulikana zaidi kwa shule iliyo hapo. Makondakta hulifupisha. "Laiser, Laiser shukeni!" hupiga kelele, muziki ukitikisa vioo vya matatu. Nimeshuka hapo miaka mingi bila kulisikia jina lenyewe. Siku ile, kwa kuwa dhamana ilikuwa kichwani, nililisikia.

Laiser ni ukoo wa Wamaasai, na ndio ukoo wa laiboni wakuu, viongozi wao wa kiroho: Mbatiany na mwanawe Olonana, ambaye kalamu za Waingereza zilimwita Lenana. Agosti 1904 Olonana na wazee wenzake waliweka alama zao kwenye mkataba na serikali ya Kiingereza. Wamaasai wangeondoka Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi, wengine wahamie Laikipia na wengine kusini, na mpango huo ungedumu maadamu Wamaasai wangalipo duniani. Sijui dhamana yenye muda mrefu kuliko huo. Ilidumu miaka 7. Mwaka 1911 waliokuwa Laikipia waliambiwa nao wahame, waende katika hifadhi moja ya kusini, nchi ambayo leo ndiyo kaunti za Kajiado na Narok. Ol le Njogo na wenzake walikwenda mahakamani. Mwaka 1913 kesi ikatupwa, na sababu iliyotolewa yastahili kusomwa polepole: mkataba ule ulikuwa baina ya dola mbili, kwa hiyo mahakama hizi haziwezi kuusikiliza. Mdhamini hakusema kwamba muda umekwisha. Alisema kwamba hapatikani.

Sitaki kulinganisha kioo changu na ardhi ya watu. Mimi mwenyewe ni mpangaji katika ardhi hiyo, na karatasi yangu ya dipoziti iko kwenye bahasha ya kaki. Lakini nikiwa nimesimama pale chini ya jina lile, niliona kwamba nilikuwa nimeikasirikia tarehe bure. Ahadi ya miezi 12 na ahadi ya milele huvunjikia mahali pamoja, napo ni pale aliyeahidi anapokuwa mbali kiasi kwamba mkono wako haumfikii.

Wamaasai hao hao wana neno osotua. Maana yake ya kwanza ni kitovu, ule uzi unaomuunga mtoto na mama yake. Maana yake ya pili ni uhusiano wa watu wawili ambapo mmoja akiwa na shida humwomba mwenzake, naye hutoa kwa kadiri awezavyo, bila kuandika na bila kudai. Deni la kawaida lina jina jingine, esile, na hulipwa likaisha. Osotua haiishi, hata watoto huirithi. Naamini uzi huo hauhitaji tarehe kwa kuwa watu wanaoufunga huonana.

Fundi niliyeelekezwa alikuwa na kibanda cha mabati mjini Rongai, kati ya muuza mboga na duka la vocha. Chini ya meza yake palikuwa na rundo la skrini zilizokufa, zimelazwa moja juu ya nyingine kama sahani. Alikuwa kijana, amevaa miwani ya kukuza vitu iliyofungwa kwa mpira kichwani. Hakuuliza nimekinunua wapi wala lini. Alichomeka waya kutoka kwenye kipakatalishi hadi kwenye televisheni ndogo ya kibandani, na sentensi yangu ya wiki iliyopita ikajitokeza pale nzima, pamoja na nusu yake ya kulia.

"Ubongo uko sawa, mama," akasema.

Kisha akawasha tochi ya simu, akaimulika ile nusu iliyozimika kwa upande. Hakuna kilichoonekana. Akaeleza kwamba kama taa ya nyuma ndiyo iliyokufa, picha ingeonekana kwa mbali, kama kitu kilicho chini ya maji. Mwisho akakishika kifuniko kwa vidole viwili, akakipeleka mbele na nyuma taratibu, akiangalia bawaba badala ya kioo. Nusu ya kulia ikawaka, ikazimika, ikawaka.

"Unaona? Skrini yenyewe ikiwa imeharibika, huwa haijali unaishikaje. Huu ni ugonjwa wa kebo."

Alifungua fremu ya plastiki kwa kadi ya pointi ya supamaketi moja kubwa iliyokwisha kufungwa, yenye picha ya tembo. Kadi zile zilikuwa zimejaa pochi za Wakenya kote nchini. Yake ilikuwa imelika pembeni kwa kufungua vioo. Akaitoa skrini na kunionyesha ilivyo nyembamba: vioo viwili vilivyoshikana, kila kimoja kama nusu milimita hivi, na kati yake nukta 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni mbili, kila moja ikingoja amri kutoka kwenye ile kebo.

Nikawaza barabara iliyo nje ya kibanda. Ukiifuata hadi mwisho utafika Ziwa Magadi, ambako magadi huchimbwa; kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911, mwaka ule ule wa uhamisho wa pili wa Wamaasai. Magadi tunayotia kwenye maharagwe yaive upesi ni ndugu wa yale yanayoyeyushwa na mchanga kutengeneza chupa na vioo vya dirisha. Ng'ambo ya korongo la Mbagathi, upande wa Kitengela, kuna karakana iliyoanzishwa na msanii Nani Croze, na huko vioo vilivyovunjika huyeyushwa vikawa bilauri na shanga. Lakini kioo cha skrini hakitaki magadi hata chembe, kwa sababu sodiamu yake ingeziharibu transista ndogo zilizopangwa juu yake. Hakikutoka barabara hii. Kimetoka mbali, kama ahadi iliyokuja nacho.

Na hapo ndipo nilipoielewa nafasi niliyokuwamo. Fundi yule angeweza kuniambia skrini imekufa. Duka lilishasema hivyo bila kuiona. Angeniuzia nyingine, akaificha ile yangu nzima chini ya meza na kumuuzia mteja wa kesho, nami ningemshukuru. Sikuwa na njia ya kumkamata. Alibadilisha kebo: shilingi 1,800 ya kifaa, 700 ya mkono wake. Kioo kikawaka chote.

"Na hii ina waranti?" nikauliza, nusu utani.

Akainua miwani. "Waranti ni mimi, mama. Ikisumbua, niko hapa."

Sina nia ya kuwatukuza mafundi wa pembeni mwa barabara. Mmoja aliwahi kupotea na simu yangu, kibanda na vyote, na hadi leo nikisikia mlio kama wake ndani ya matatu hugeuka. Risiti hakunipa, na huyu naye hakunipa. Nilirudi nyumbani nimefurahi, lakini furaha yenyewe ilikuwa na shaka ndani yake: niko hapa, lakini hapa ni mabati na misumari.

Shaka ilipata haki yake Februari. Mstari ulirudi, wa kijani kama ule wa kwanza. Nilipofika Rongai, kibanda hakikuwapo. Safu yote ile ya upande wa barabara ilikuwa imeondolewa, na palipokuwa na meza yake palikuwa na mtaro mpya uliojaa chupa za plastiki. Nilisimama pale na taulo langu. Hata risiti ya kuinua kwenye mwanga sikuwa nayo.

Mama wa mboga alikuwa amehamia hatua chache ndani, amekaa chini ya mwavuli. "Unamtafuta fundi?" akauliza kabla sijafungua mdomo. "Panda na hiyo njia ya vumbi, upite kanisa, utaona geti la buluu. Yuko hapo nyuma." Kisha akaniita tena. "Na umwambie bado ana deni langu la nyanya. Mia na ishirini."

Nilipanda na njia ya vumbi nikicheka peke yangu. Kumbe sikuwa nimeelewa maneno yake ya siku ile. Hapa hapakuwa mahali kibanda kilipojengwa. Hapa ni mama wa mboga anayemdai nyanya, ni muuza vocha anayejua namba yake, ni mchungaji wa lile kanisa ambaye, kama nilivyokuja kusikia, alimwachia kompyuta ya kwaya. Tingatinga lilikuwa limebomoa mabati, na deni la nyanya likabaki.

Alikuwa nyuma ya geti la buluu, kwenye meza ile ile. Alikitambua kipakatalishi kabla ya kunitambua mimi. Akaingiza kadi ya tembo, akafungua, akachungulia. Kebo ilikuwa imelegea kidogo kwenye kichwa chake. Akaibana, akaongeza kipande cha gundi ya karatasi, akafunga. Nilipotoa pochi akatikisa kichwa.

"Nilikuambia ikisumbua."

Nikampa ujumbe wa nyanya. Akacheka kwa aibu, akajipapasa mifukoni, akatoa noti ya mia na sarafu ya ishirini. "Kwa kuwa utapita hapo, mama, nipelekee."

Nikashuka njia ya vumbi, kipakatalishi kwapani, shilingi 120 za watu zimebanwa kiganjani.